Mwanamke wa Sabuni Ukutani

Jumatano jioni

Afadhali baba hakulazimika kufuta tangazo lote. Yule mwanamke wa sabuni aliyemchora kwenye ukuta wa duka la Mzee Ramazani alikuwa na nywele za bandia, na siku hizi serikali imezikataza, eti ni za Kizungu. Asubuhi vijana wa chama walimfokea baba: "Papa, huyu mama iko Muzungu? Mumufute leo leo!" Mzee Ramazani akasema atatafuta mchoraji mwingine.

Niliogopa, maana ndio ukuta wa kwanza baba kupewa mjini.

Nilipotoka shule aliniketisha juu ya kreti, akachora misuko yangu badala ya zile nywele. Shingo bado inauma kwa kukaa bila kutikisika.

Mzee Ramazani alitazama, akacheka. "Sasa iko mama wa kwetu! Fanya na ukuta wa nyuma."

Asante, Mungu. Mama, aliyenisuka, amepitapita pale dukani jioni nzima bila kununua kitu, akiutazama ukuta tu.