Hedibodi Niliyoipigilia Misumari

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Kamukuywa tuko, ng'ombe amezaa. Umeniuliza utatengeneza aje hedibodi, ule ubao wa kichwani mwa kitanda, ya bei rahisi huko Kitale. Tafuta ubao, sponji ya godoro kuukuu na kitambaa. Lakini ifunge kwa skrubu, iweze kutoka.

Yangu niliifunika na leso ya marehemu mama yangu, nikaipigilia kitandani. Baada ya kumzika babu yako, siku ya kunyolewa, ile wafiwa hunyolewa nywele na mali kugawanywa, ndugu zake walikuja kugawana vitu vyake.

“Hiyo hedibodi ni yangu,” nikanong'ona.

“Shemeji, si imepigiliwa? Hiyo ni kitanda, na kitanda ni ya ndugu yetu, bana,” mkubwa wao akacheka.

Nyundo ya kung'olea misumari ilikuwa jikoni. Niliona haya kuiendea mbele ya watu. Leso ikaenda pamoja na kitanda, na sina kitu kingine cha mama.

Kukhu wako