Shoki za Manjano

Galu, Diani

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu. Natumai barua hii itakukuta u mzima, goti limepoa, na yule paka wako bado anaiba samaki kwa jirani bila ya kukamatwa. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Roho usiniulize. Nimeudhika mpaka chakula hakipiti.

Kwenye simu uliniuliza kama ile chupa ya mafuta ya nazi uliyonitumia kutoka Faza ilifika. Ilifika, Mama, lakini sinayo tena, na nilipoanza kukueleza ilikokwenda ukanikatiza: "Athmani, ukiwa na hasira usinipigie makelele sikioni. Kaa chini uandike." Haya, nimekaa chini.

Unajua hapa hotelini naendesha lile Pijo la zamani, jeupe, refu, ambalo wageni wanapenda kupigwa picha nalo. Wananivisha koti na kofia nyekundu kama mpiga tarumbeta, lakini hayo nimeyazoea. Gari lenyewe nalipenda. Viti vyake ni vipana, mlango wake unafunguka wote, na mtu mwenye nyonga mbovu anaingia bila kukunjwa kama mkeka.

Nasema nyonga kwa sababu ya Bi Mkuu. Huyu ni mama yake Mama Riziki, mpishi wetu, yule niliyekwambia kuwa ndiye aliyenilisha na kunitazama nilipougua homa nikiwa sina mtu hapa. Bi Mkuu alianguka akichota maji kisimani, akavunjika nyonga, akalazwa Msambweni. Sasa yuko nyumbani kwake, hapohapo Msambweni, lakini tuktuk hapandi, pikipiki ndiyo usiseme. Na mjukuu wake Riziki anaolewa Vanga, kwa kina baba yake. Bi Mkuu akasema, "Nisipokuwapo mimi, nani atakaa mlangoni?"

Kwao ni kama kwetu. Bibi ndiye anayeziba mlango wa chumba cha bibi harusi. Anamwita bwana harusi mume wangu, anadai yeye ndiye mke mkubwa, na haondoki mpaka aridhishwe. Bi Mkuu ameingoja siku hiyo tangu Riziki yuko mgongoni. Mama Riziki akalia mbele yangu jikoni, nikamwambia, "Usilie. Mimi nitampeleka na nyonga yake haitajua kama tumesafiri." Nikatoa ahadi, Mama, na wewe wajua ulivyotulea juu ya ahadi.

Nikainama chini ya gari nikakuta shoki za nyuma zinavuja. Hizo ni zile silinda mbili karibu na magurudumu, ndani mna mafuta, ndizo zinazolizuia gari lisirukeruke kwenye mashimo. Zimelowa tepetepe. Nikaenda kwa meneja. Akanitazama kama niliyemletea maiti ofisini. "Athu, hiyo si noma. Panguza tu na kitambaa, si bado inatembea?" Panguza! Mtu anavuja damu nawe unampangusa! Nikamwambia iko siku mgeni atang'oka meno mbele ya kamera yake. Hapo ndipo akaelewa. Akamwagiza mgeni mmoja azoeaye kuja kila mwaka, naye akaja na shoki mpya kutoka kwao, za manjano, mpya zinang'aa. Huku kwetu hazipatikani kwa gari la umri ule. Mimi mwenyewe nilizitoa kwenye karatasi zake.

Basi nani azifunge? Mama Riziki akasema, "Kwani mkwe wangu si fundi?" Kweli, Salimu, anayemwoa Riziki, ana gereji Ukunda. Kijana wa watu, mcheshi, mdomo wake una asali. Nikampelekea gari na shoki zake. Jioni nikalikuta limeoshwa, nikachungulia chini, nikaona manjano. Nikamshika mkono nikamwombea dua. Mama, nilimwombea dua!

Siku ya harusi tuliondoka Msambweni alfajiri, kabla ya jua. Unazijua asubuhi za kusi zilivyo na baridi. Bi Mkuu kaketi nyuma, mguu kaunyoosha juu ya kiti, mito kila upande, Mama Riziki kamshika bega. Tuta la kwanza tu, gari likagonga kana kwamba limefungwa ubao. Bi Mkuu akapiga ukelele. Nikapunguza mwendo. Tuta la pili, vilevile. "We Bajuni," akasema, "unanipeleka harusini au unanipeleka kuzikwa?" Nikadhani ni ugeni wa shoki, zitalegea.

Zikalegea kweli! Kufika Lunga Lunga tukashika njia ya Vanga, na ile njia, Mama, aliyeiacha vile anapaswa kupitishwa juu yake akiwa amevunjika nyonga. Sasa nyuma ya gari ikawa haigongi tena, inaruka. Shimo moja, miruko mitano. Bi Mkuu alikuwa anauma ncha ya leso asilie, na machozi yanamtoka. Mimi naendesha kwa mwendo wa kobe, jasho linanitiririka, nasema moyoni ahadi yangu iko wapi.

Kisha ikaingia harufu. Bi Mkuu akanusa. "Nani kajipaka mafuta ya nazi humu? Wewe dereva?"

"Bi Mkuu, mimi nina upara. Nipake wapi?"

Lakini na mimi niliisikia. Nikasimama, nikashuka, nikalala chini pale mavumbini. Shoki zinavuja, na kinachovuja ni mafuta ya nazi! Mapya, ya jikoni, ya kupikia wali! Nikasugua kwa kidole, na ile rangi ya manjano ikabanduka, chini yake kutu. Zilikuwa zilezile kongwe. Zimetobolewa, zikamiminwa mafuta ya nazi, zikachomelewa, zikapakwa rangi. Mtoto yeyote wa pwani anajua mafuta ya nazi huganda kwenye baridi ya kusi, chupa tunaianika juani ndipo yamiminike. Alfajiri yalikuwa yameganda, ndiyo maana gari likawa gumu kama ubao. Yalipopata moto yakayeyuka yakatoka yote. Laana gani hii!

Sikumwambia Mama Riziki. Ningemwambiaje? Siku ya harusi ya mwanawe? Nikasema kuna mpira umepasuka kidogo.

Tulifika Vanga kabla ya adhuhuri. Bi Mkuu tukamweka kwenye kiti cha kamba kivulini, karibu na gari, apumue. Mama Riziki akakimbilia ndani kwa mwanawe. Baadaye wakaja kina bwana harusi na Pijo jingine kama letu, la ami yake Salimu. Lile limekuja juu ya njia ileile, Mama, linaelea kama kitanda! Nikazunguka nyuma yake nikainama. Mbili za manjano, mpya, zinanicheka.

Nilishika spana. Wallahi nilishika spana, na sikuwa nakwenda kufungua nati. Bi Mkuu akaniita. "Wewe, njoo hapa. Unakwenda wapi na spana?" Nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, na meno nimeyauma. Akanisikiliza, uso mkavu. Nikamwambia nakwenda kumuumbua Salimu mbele ya shehe. Akasema, "Ukafanye hivyo, Riziki abaki na aibu maisha yake yote? Rudisha spana mfukoni. Mlangoni ni kwangu."

Nikah ikafungwa msikitini baada ya alasiri. Salimu akaja na joho na kilemba, vigelegele, matwari yanapigwa. Kufika mlango wa chumba, Bi Mkuu huyo, kajaa kitini katikati, mguu kaunyoosha, hapiti hata paka.

"Karibu mume wangu. Mimi ndiye mke mkubwa."

Watu wakacheka. Salimu naye kacheka, akamwekea noti mapajani. Bi Mkuu akazipangusa kama makombo.

"Sitaki. Nataka zile za manjano."

"Za manjano zipi, bibi?"

"Zile ulizolivalisha gari la ami yako, na langu ukalipaka mafuta ya nazi."

Wanawake wakaangua kicheko, wanadhani ni mafumbo ya utani, bibi anadai dhahabu. Mama Riziki kacheka mpaka kajishika mbavu. Salimu peke yake ndiye hakucheka. Alitazama nyuma akaniona, akageuka rangi.

"Bibi," akasema, "hizo nitakuletea kesho."

"Kesho? Basi na mke ni kesho."

Matwari yakanyamaza. Mtu hana la kumfanya, Mama, mlangoni bibi ndiye kadhi. Salimu akavua joho, akapandisha kanzu akaifunga kiunoni, akalala mavumbini chini ya Pijo la ami yake. Spana nilimpa mimi. Jeki niliisukuma mimi. Watu wametuzunguka, fundi na dereva, wanapiga makofi, wanaimba, wanasema hawajaona utani mtamu kama huu. Mimi sikucheka. Alipomaliza kufunga ya pili kwenye gari letu nilipanda bampa mwenyewe nikarukaruka, nikasikia gari linatulia. Ndipo Bi Mkuu akakubali kiti chake kisogezwe kando.

Kurudi, alilala usingizi kutoka Vanga mpaka Msambweni. Huku Diani wote wanasimulia utani wa Bi Mkuu na kushikana mbavu, na Mama Riziki bado anamsifu mkwe wake mbele yangu, nami naitikia, "Naam, kijana wa watu." Hilo ndilo linaloniua.

Nisalimie ami aliyenifundisha kuendesha, mwambie bado nashika usukani kwa mikono miwili. Nisalimie dada yangu na mumewe, na nyanya, na yule jirani wa samaki. Niombee subira.

Na chupa yako, Mama, unisamehe. Niliifunga kwa karatasi nzuri na utepe, nikampelekea Salimu kuwa zawadi ya harusi. Aliipokea mbele ya mkewe, akaifungua, ikanuka chumba kizima. Riziki akasema, "Athmani ana mapenzi, jamani." Salimu hakuninyanyulia macho.

Mwanao anayekutii,
Athmani