Upande wa Kushoto wa Ulimi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba goti lililokuwa likikusumbua limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye hajambo. Macho yanaendelea kumpa taabu, lakini bado anashikilia kwamba zenye kasoro ni balbu za siku hizi, si macho yake, na kila nikimtajia miwani hunijibu kwamba mimi ni daktari wa meno, nibaki huko huko kinywani.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Uliandika kurasa mbili za habari za nyumbani kwako, kisha chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa tayari mlangoni, ukauliza swali moja: kama ungempeleka baba hospitali siku ile ya kwanza alipokuja dukani kwako, badala ya kumpa jeli ya vidonda, angepona? Ukaongeza kwamba unataka jibu la daktari, si jibu la mdogo wako. Nimechelewa kujibu kwa sababu majibu hayo mawili siwezi kuyatenganisha, na kwa sababu jibu lililo sahihi linaanzia nyuma zaidi ya siku hiyo. Nivumilie nilieleze kwa mpangilio.

Unakumbuka mwaka ule wa korona vyuo vilipofungwa, nami nikarudi nyumbani nikiwa mwaka wa tatu. Duka lako la dawa halikufungwa hata siku moja, nawe ukakataa kuingia ndani kwa hofu ya kutuletea ugonjwa. Ulikuwa ukisimama nje ya geti na barakoa yako, ukiongea na mama kwa kupaza sauti kana kwamba mmetenganishwa na mto. Kwa hiyo hukuona jinsi nilivyosoma. Mahali pekee penye mtandao wa kuaminika palikuwa chumba cha kushonea cha baba, tena dirishani tu, kati ya cherehani na rundo la vitambaa vya wateja. Hapo nilisomea udaktari wa meno kwa karibu miezi sita, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la vifungo.

Ni elimu ya mikono, dada, nasi tulifundishwa kwa macho. Tulichonga magego kwa sabuni ya mche tukayapiga picha, mpaka mama akalalamika kwamba anafulia meno. Mhadhiri alizungumza na miraba sitini myeusi ya kamera zilizozimwa, akiuliza kila baada ya dakika tano kama tunamsikia, na mtu mmoja alimjibu kwa niaba ya wote, huku wengine, nina hakika, wakiwa jikoni. Baba alisikiliza mihadhara yote akishona, na majina ya meno aliyashika upesi kuliko mimi. Mteja akija kupimwa suruali alielezwa kwamba kijana wa nyumba hii anajifunza kung'oa meno kwa simu, na kwamba mwenye jino bovu asogee dirishani penye mtandao.

Somo la uchunguzi wa kinywa lilifundishwa na mwanamke mwenye haki lakini mkali, tuliyempa jina la Mama Darubini. Alitaka kila mwanafunzi amchunguze mtu mmoja wa nyumbani kwake, apige picha kumi na mbili za kinywa kwa mpangilio wa fomu, na kuzituma kabla ya saa sita mchana siku ya zamu yake. Aliyekuta kila kitu kiko sawa alitia alama tu. Aliyekuta dosari alijaza fomu ya pili, yenye kurasa nne, kisha akaitetea mbele ya darasa zima. Juma lililotangulia zamu yangu, mwenzetu mmoja alikuwa amewasilisha kidonda cha bibi yake. Alihojiwa kwa dakika arobaini, mpaka akazima kamera ili tusimwone akilia.

Baba alikubali kuwa mgonjwa wangu wa kwanza kwa sharti kwamba nisiliguse jino lake la nyuma la kushoto, lile lililokatika, maana alisema wamezoeana. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuachama. Mama alishika tochi, akilalamika kwamba ameolewa na mtu huyu miaka thelathini bila kuonyeshwa yote haya. Kwa kuwa sikuwa na kioo cha kazi, nilitumia mpini wa kijiko. Tulicheka sana asubuhi ile ya Ijumaa. Nilituma picha zangu dakika sita kabla ya muda kwisha, nikapata alama za juu kuliko wote. Baba aliwatangazia wateja wake kwamba kinywa chake kimekuwa cha kwanza chuoni.

Septemba vyuo vilifunguliwa nikaondoka. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Januari baba alikuja dukani kwako akilalamika kwamba chakula chenye chumvi kinamuunguza ulimi. Ukampa jeli. Akarudi baada ya juma moja, ukampa nyingine. Aliporudi mara ya tatu ulimwambia afungue mdomo, ukampapasa shingo chini ya taya, ukauona uvimbe, ukafunga duka mchana kweupe na kumpeleka hospitali wewe mwenyewe. Kati ya siku ya kwanza na siku hiyo zilipita siku kumi na tisa. Nimezihesabu katika kalenda ili nisije nikakuongezea hata moja.

Miezi kumi na minne baadaye tukamzika. Ndugu walipokuwa bado wamejaa sebuleni, shangazi alisema mbele ya wote kwamba kaka yake alikuwa na watoto wawili wa dawa, mmoja alikuwa mbali na mwingine alikuwa hapa hapa, akimpaka jeli kama fundi anayepaka rangi ukuta uliooza. Kisha akanigeukia mimi. Alisema msomi ndiye huyu, na atuambie yeye. Nami nikasema kwamba saratani ya ulimi ikigunduliwa mapema, wagonjwa wengi hupona.

Kila neno la sentensi hiyo lilikuwa sahihi. Ningeweza kuitetea mbele ya jopo lolote la mabingwa. Macho yote yakakuelekea wewe. Ulikusanya vikombe kwenye sinia ukaenda jikoni, na maji yakasikika yakitiririka muda mrefu kuliko vikombe vile vilivyohitaji. Tangu siku hiyo huji nyumbani pasipo kuuliza kwanza kama shangazi yupo. Mwaka jana ukaacha kazi ya dawa, uliyoifanya miaka kumi na moja, ukaenda kuuza vifaa vya shule. Mama aliniuliza sababu nikamjibu kwamba pengine umechoka kusimama.

Sasa nakuambia ambalo hadi hivi karibuni sikuwa nimemwambia mtu.

Picha ya tisa katika fomu ile ilitakiwa kuwa ya ukingo wa kulia wa ulimi, na ya kumi, ukingo wa kushoto. Ya tisa niliipiga bila taabu. Kisha niliushika ulimi wa baba kwa kitambaa safi, nikauvuta, na upande wa kushoto, mkabala na jino lililokatika, nikaona baka jekundu lenye weupe pembeni, ukubwa wa punje ya dengu. Nililipiga picha, kisha nikaligusa. Lilikuwa gumu kidogo, na baba hakushtuka. Nilimuuliza lina muda gani. Alisema ni pini hizo, au ni lile jino, na kwamba lilikuwapo tangu kabla sijarudi nyumbani. Mimi nilikuwa na wiki saba nyumbani. Kanuni niliijua: kidonda cha kinywa kisichopona kwa wiki tatu hupelekwa kwa daktari bingwa. Nilikuwa nimeiandika daftarini na kuipigia mstari mara mbili.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. Nilifikiria zile kurasa nne. Nilimfikiria mwenzetu na kamera yake iliyozimwa. Nilichukua picha ya tisa, ya upande wa kulia ulio mzima, nikaigeuza kwa simu kama kioo kinavyogeuza sura, nikaituma mahali pa ile ya kumi. Mama Darubini aliandika chini yake kwamba pande zote mbili zinalingana vizuri.

Tungekuwa chuoni, angemwinamia baba mwenyewe na kidole chake kingelifikia baka lile. Nimejificha nyuma ya wazo hilo miaka mingi, lakini halinisitiri. Yeye aliona nilichompa aone. Na baada ya Ijumaa ile kulikuwa na Jumamosi, na karibu miezi minne ya kukaa chumba kimoja na baba, na simu za kila juma baada ya kuondoka. Sikuuliza hata mara moja. Nilijua kwamba nikiuliza, nitalazimika kueleza nimejuaje. Kutoka siku ile hadi siku aliyoingia dukani kwako ilipita miezi minane.

Kwa hiyo jibu la daktari ni hili. Siku baba alipokuja kwako, ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika shingoni. Ripoti ya hospitali inaonyesha hivyo, na siku kumi na tisa hazikubadili kitu kinachoweza kupimwa. Ungempeleka siku ile ile, asingepona. Ningempeleka mimi siku ile niliyoliona, kwa uwezekano mkubwa angepona. Wewe ndiye mtu wa kwanza aliyempeleka hospitali, na ndiye tuliyemwacha aitwe mzembe.

Maelezo haya haya nimempelekea shangazi kwa barua yake. Niliitia posta kabla sijaanza barua hii, ili nisipate nafasi ya kuipunguza, nawe usibebeshwe kazi ya kuamua nani ajue. Ile picha halisi ya kumi sikuifuta. Nimeiambatanisha na barua ya shangazi, ikiwa na tarehe.

Mama nilimwambia Jumapili, uso kwa uso. Alikunja na kukunjua leso yake, kisha akaniuliza kama wewe umekwisha jua. Nilipomwambia bado, alisema kwamba kwa msomi mzima nimeanzia kwa mtu asiye sahihi, na akaniamuru niondoke mbele yake nikakuandikie. Hajazungumza nami tangu hapo, isipokuwa kunipa salamu zako zilizo hapa chini.

Nisalimie shemeji, na watoto wote wawili. Mama anakusalimu sana. Anasema chumba chako amekifagia. Usijihisi una deni la kunijibu.

Ni mimi, mdogo wako