Tiketi Moja ya Kila Jumamosi

Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza barua yako bila kukuamkia. Ungeniuliza nimelelewa wapi, na jibu ni kwako.

Nimekalia kiti chako, mbele ya cherehani. Baba mkubwa amesema niendelee na kazi hapa Karatu mpaka matokeo ya kidato cha nne yatoke. Sare za shule nazimudu. Mahema ya watalii bado yananitesa, maana turubai ni gumu na sindano zinakatika, lakini Kaka Tluway amewaambia madereva wenzake wanivumilie. Jana nimebadilisha zipu ya hema zima peke yangu, na ikafunga. Nilinyanyua kichwa nikuonyeshe.

Nimejaribu kukuandikia mara nyingi. Nikifika kwenye jina lako, basi. Leo nimeweza kwa sababu ni Jumamosi na nina furaha, na furaha yangu sijazoea kuipeleka kwa mtu mwingine.

Uliponichukua kutoka Moshi nije kusoma huku, nilikuwa siwezi hata kumsalimia mteja bila kutazama sakafu. Darasani najua jibu, mdomo haufunguki. Mama alikuwa akinigombeza, walimu wakanigombeza. Wewe hukusema kitu. Uliniweka tu kwenye benchi la barazani, na Jumamosi ikafika.

Sijui kama wanaosikia habari zako kwa mbali wanaelewa Jumamosi yako ilivyokuwa. Ulifunga kazi mchana, ukanawa mikono, ukaenda mpaka kwenye kibanda cha yule mzee karibu na kituo cha mafuta, ukanunua tiketi ya bahati nasibu. Moja. Hela yake ilikuwa hela ya soda. Wengine kwenye benchi walikunywa soda yao ya wiki, wewe ulikunywa maji na kuweka tiketi chini ya mguu wa cherehani isipeperuke. "Mwenzenu nakunywa hii," ulisema. "Haina gesi, lakini inakaa wiki nzima."

Halafu mchezo wenyewe ukaanza, maana kwako tiketi ilikuwa kiingilio tu. Ulimwuliza kila aliyekaa: "Haya, tukishinda, unafanya nini?" Na ilikuwa lazima mtu ajibu kwa makini, siyo "nitajenga nyumba" halafu basi. Nyumba gani, wapi, nani atalala chumba cha uani. Mama Happy wa pale mgahawani alijenga hoteli yake upande wa Ganako mpaka tukajua rangi ya mapazia. Kaka Tluway alinunua gari la watalii, akaliuza, akanunua ng'ombe, ukamwambia, "Wewe hata kwenye ndoto unarudi zizini!" Akacheka mpaka akatema soda yake chini.

Siku ile ya kwanza ukanigeukia mimi. "Na binti yangu?" Nikatazama sakafu. Kaka Tluway akasema, "Huyu akishinda atatuandikia barua, hatasema." Watu wakacheka, nikatamani baraza ipasuke. Lakini wewe hukucheka, wala hukumruhusu mtu mwingine ajibu. Ulisubiri. Ulitia uzi kwenye sindano, ukasubiri. Mwishowe nikasema, kwa sauti ya panya, kwamba ningenunua sweta jekundu, kwa sababu asubuhi za Karatu ni baridi. Ukauliza, "La shingo ya duara au la kola?" Ukauliza kama vile fundi wa sweta anangoja mlangoni.

Shangazi, hapo ndipo nilipojifunza kuongea. Siyo shuleni. Kila Jumamosi nilikuwa na neno moja zaidi.

Ulikuwa na sheria zako na hukuzitangaza, nilizijua kwa kuziona. Wiki ambayo ada yangu ilikuwa haijatimia, hukununua, na hukununa pia. Tuliota hivyo hivyo bila tiketi. Hela ya mteja haikuguswa. Tiketi ya pili haikununuliwa, hata siku ile watu waliposema droo ni kubwa. Na yule kijana wa kibarua kwenye mashamba ya kahawa alipokuja kukuomba umkopeshe akanunue tiketi nyingi, ulimkalisha ukampa chai na chapati. Ukamwambia, "Mchezo ukishakutuma kukopa, mdogo wangu, siyo mchezo tena. Hiyo ni kazi, na mwajiri wake hana huruma." Mimi nilipotaka kununua kwa hela niliyopewa sikukuu, ulikataa kabisa. "Wewe bado mtoto. Kuota ni bure. Kununua, mpaka uwe mtu mzima na hela ya jasho lako."

Ulishinda mara moja tu, zawadi ndogo, na ukawanunulia soda benchi zima. Siku hiyo na wewe ulikunywa.

Sasa nikuambie ambayo hukuyaona.

Ulipofariki, Baba mkubwa alikuja kutoka Moshi kukuchukua tukakuzike nyumbani. Kabla ya safari, majirani wa Karatu waliomba wakuage hapa. Baba mkubwa akasema mimi ndiye nisome wasifu wako, kwa kuwa nimetoka shule na tumeishi wote. Nikauandika usiku kucha. Niliandika ulikozaliwa, kwaya, ushonaji, na mstari mmoja kuhusu tiketi ya Jumamosi.

Asubuhi akausoma. Akatoa kalamu akaufuta ule mstari. Hakuwa mkali, unamjua kaka yako, anaongea polepole. "Mwanangu, dada yangu alikuwa mwanakwaya. Kamari haisomwi mbele ya mchungaji na jeneza. Watu watasema alikufa maskini kwa sababu ya bahati nasibu." Nikasema, "Ndiyo, Baba mkubwa." Unajua jinsi ninavyosema ndiyo.

Nikasimama mbele ya watu. Uwanja ulijaa, hata madereva waliegesha magari yao barabarani. Nikasoma vizuri mpaka nikafika pale palipofutwa. Nikanyanyua macho nipumue, nikawaona Mama Happy na Kaka Tluway na yule mzee wa kibanda, amevaa koti, amesimama nyuma kabisa karibu na ua, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kulia. Nikafikiri, nikiruka hapa, hawa watu walikuwa nani kwako? Tutakuwa tumekuaga bila Jumamosi zako, kana kwamba zilikuwa aibu. Na wewe hukuwahi kuzificha. Ulikuwa ukiketi barazani, kila mtu anaona.

Nikaweka kidole juu ya mstari uliofutwa. Mchungaji akadhani nimezidiwa, akataka kuipokea karatasi. Nikaing'ang'ania.

Nikasema, "Kila Jumamosi marehemu alinunua tiketi moja ya bahati nasibu. Moja tu. Hakukopa kwa ajili yake, na mimi sikukosa ada wala chakula kwa ajili yake. Kwa tiketi hiyo alitufundisha kutaja tunachokitaka. Mimi nilikuwa siongei. Sasa naongea mbele yenu."

Nilisikia gari likipita kuelekea geti la Ngorongoro. Halafu Mama Happy akapaza sauti, "Kweli kabisa! Hata mapazia yangu aliyachagua yeye!" Watu wakacheka, Shangazi, pale mbele ya jeneza lako, na kucheka kukageuka kulia, na mchungaji akainamisha kichwa lakini niliona mabega yake yakitikisika. Yule mzee wa kibanda akavua kofia.

Sikumtazama Baba mkubwa.

Njiani kwenda Moshi nilikaa nyuma yake kwenye gari. Tulishuka mteremko, vumbi likaingia, yeye anatazama mbele tu. Nilijua nimemvunjia heshima mbele ya watu, na nilikuwa nikitafuta maneno ya kumwomba radhi. Tulipofika Mto wa Mbu gari likasimama, akina mama wakaleta ndizi nyekundu dirishani. Akanunua, akanipa kichane kizima. Bado hakugeuka. Kisha akauliza, taratibu, "Na yeye? Alisema akishinda atafanya nini?"

Nikamwambia ukweli. Tulikuuliza Jumamosi ile ya mwisho kabla hujaugua. Kila mtu alikuwa amekwisha kujenga na kununua, na Kaka Tluway akasema leo fundi mwenyewe atajibu. Ukafikiri sana. Ukasema, "Nikishinda ile kubwa, Jumamosi inayofuata nitanunua nyingine. Moja."

Baba mkubwa alicheka, Shangazi. Alicheka mpaka dereva akageuka. Akafuta macho kwa leso na kusema, "Ndiye huyo. Hata utotoni, ukimpa muwa anaumung'unya siku nzima." Na kutoka pale mpaka nyumbani alinisimulia utoto wako, yeye ambaye tangu nizaliwe alikuwa akiniuliza masomo tu. Nina baba mkubwa sasa. Nakushukuru kwa hilo pia.

Leo mchana, kwa hela ya ile zipu, nimenunua tiketi yangu ya kwanza. Mimi ni mtu mzima sasa, nimetimiza umri. Yule mzee alitaka kunipa bure kwa ajili yako, nikakataa, nikamlipa. Benchi lilikuwa limejaa na hakuna aliyethubutu kuuliza swali lako. Basi nikauliza mimi. Sauti ilitoka.

Nakuahidi itakuwa moja, na kwa hela ya soda. Wiki ambayo nyumba ina shida nitaipita bila kinyongo. Siku nikigundua nanunua ili nishinde na siyo ili tukae pamoja, nitaacha siku hiyo hiyo. Na popote watakapokutaja kwa kunong'ona, nitasimama nikutaje kwa sauti.

Pumzika, Shangazi. Aika, kama tunavyoshukuru nyumbani. Asante kwa kunisubiri nilipokuwa sijui kusema.

Mwanao,
Ndeshi