Mazoezi ya Porini

Mpendwa Mama Mshauri, nisaidie kabla ya Jumatatu, siku ninayotakiwa kurudi masomoni, sasa niko nyumbani mtaani Kyebando. Mimi ni binti wa sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, nasomea shahada ya pili ya sanaa, lakini si chuoni, mwalimu wetu alitutoa sisi watano akatupeleka kijijini kujaribu masomo yasiyo na darasa, tunaishi na wafinyanzi, tunachimba udongo wenyewe, tunawasaidia kuchoma vyungu shimoni, na nimejifunza huko kuliko miaka yote ya mjini. Baba macho yake hayasomi tena, barua husomewa na askari mwenzake, Abdu, naye hajui Kiacholi, lugha yetu, basi nikaandika kwa Kiswahili kwamba tunafanya mazoezi porini, mwalimu anasema tumeiva, mwezi ujao tunaanza kuchoma wenyewe. Mama, nilimaanisha vyungu! Abdu alipofika hapo akauliza, "Sajenti, huyu mutoto yako nafanya mazoezi na nani huko polini?" Wapo walioulizwa hivyo, na mpaka leo wake zao wanangoja. Baba anataka niache masomo, nami naogopa nikiacha itaonekana nimekimbia, nikirudi kijijini askari watamchukua yeye. Nifanye nini?

Binti wa Udongo

Binti yangu, pole. Lakini umesoma mpaka shahada ya pili, hukujua siku hizi askari akisikia neno "mazoezi" anawaza waasi? Kisha ukachukua kalamu ileile ukaniandikia mimi! Majina na mtaa nimebadilisha, na karatasi yako imeshawasha jiko langu.

Masomo usiache. Abdu angetaka ubaya asingeuliza, angekwenda zake kimya. Anayeuliza anataka jibu, basi mpeni. Kesho mchana baba amwalike chai. Wewe toa chungu chako kibaya kabisa, chenye ufa, umwambie haya ndiyo mazoezi. Kizuri mpelekee mkewe, akipikie. Ukifika kijijini, mwambie mwalimu wako amkaribishe chifu siku ya kuchoma, aone moshi unatoka wapi kabla hajasimuliwa na wengine. Huyo mwalimu naye alipaswa kulifikiria hilo mapema.

Barua usikatize, baba atazidi kuogopa. Andika habari za mvua, mihogo na afya yako. Ile furaha ya kuiva usiitie kwenye bahasha. Rudi nayo nyumbani, umwambie baba kwa mdomo.