Kona ya Nne

Jumamosi, 8 Machi

Sijawahi kumwambia mtu hili, na hata humu sijawahi kuliandika: mimi kompyuta siijui. Kabisa! Najua kuiwasha, kuandika insha na kuizima. Basi. Lakini nyumbani wote wanaamini naijua. Nadhani ni kwa sababu ya miwani. Mtu mwenye miwani akikaa mbele ya skrini kimya kwa muda mrefu, watu husema huyo anafikiri. Kumbe nimeganda tu.

Leo Mama karudi na skana kutoka ofisini. Ofisi yao inahama na vitu vya zamani wamegawiwa wafanyakazi. Mmoja kapata kiti, mwingine feni, Mama kapata skana. Bapa, nzito, ya kijivu, kifuniko kinafunguka kama cha sanduku, na ndani kuna kioo. Waya mmoja wa umeme, mwingine wa kuunganishia kompyuta. Kitabu cha maelezo hakuna. Diski hakuna.

Mama kaitua mezani kwangu. Mwanangu, hii kazi yako, mtaalamu wa nyumba hii ni wewe. Anataka vyeti na karatasi zote za nyumbani ziingie kwenye kompyuta. Kaka alikuwa mlangoni, mdomo umejaa mkate: "Profesa kaletewa maabara!"

Nikasema, "Hamna shida."

Kwa nini nilisema hamna shida?

Jumapili, 9 Machi

Nimeichomeka. Taa ya kijani ikawaka. Halafu — krrr! krrr! krrr! — kama mtu anasaga kokoto. Nikachomoa. Nikachomeka tena. Krrr! Kompyuta nayo ikaandika kwamba kifaa hakitambuliki. Hata mimi nilikuwa sijitambui.

Nikabadilisha tundu la waya. Nikazima kila kitu, nikawasha kila kitu. Nikaipuliza. Kwa nini nimeipuliza? Kaka hupuliza kila kinachogoma, labda ndiyo sababu.

Alasiri nikaipindua ili nisome namba zake, nikaona chini kabisa swichi ndogo, na pembeni yake mchoro wa kufuli. Kufuli! Kumbe ule mkono wenye taa hufungwa kwa ndani ili usiyumbe njiani. Watu wa ofisini walikuwa wameufunga vizuri kabla ya kumpa Mama, na mimi siku nzima nailazimisha itembee huku imefungwa miguu. Nikasukuma swichi. Nikachomeka. Taa ikateleza chini ya kioo, kimya, ikarudi. Nikasema, "Nisamehe."

Mlango ulikuwa wazi. Kaka: "Unaiomba msamaha skana?"

Nikajifanya nasoma.

Jumanne, 11 Machi

Inafanya kazi. Sijui kwa nini. Nilishusha programu nne kutoka kwenye intaneti, tatu zikakataa, ya nne ikakubali. Sasa sithubutu kugusa chochote. Nimeskani cheti cha kuzaliwa cha Kaka, kimetoka safi. Mama kaita jirani aje kuona. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Halafu nikafanya jambo. Sijui ni ushujaa au kiherehere.

Baada ya shule nimepita kwa Bibi. Ni mama yake Baba, anakaa kwa Shangazi, mtaa wa nyuma yetu. Macho yake yana ukungu siku hizi. Anajua mtu kwa sauti na kwa nyayo. Ana picha moja ambayo hulala nayo chini ya mto, ndogo kuliko kiganja changu, ya rangi zilizochujuka. Ni yeye na mdogo wake, wasichana wawili mbele ya ukuta. Mdogo mtu alifariki muda mfupi baadaye, akiwa na umri kama wangu. Picha yake nyingine hakuna popote. Bibi haitazami tena, hawezi. Anaishika tu. Kona moja imekunjika kwa kushikwa, naye huisugua hiyo kona kwa dole gumba akizungumza. Akikasirika anaisugua haraka.

Husimulia kila mara kwamba siku hiyo walikuwa na jozi moja tu ya viatu. Kila mmoja akavaa kimoja, mguu wa pili wakauficha nyuma. Mimi sijawahi kuviona hivyo viatu, picha ni ndogo mno.

Nikamwambia naweza kuikuza mpaka uso wa mdogo wake uwe mkubwa kama sinia, na huenda akauona tena. Kidole kikawa kinakwenda kwenye kona, taratibu.

"We mke mwenzangu," akasema, "usije ukanipotezea mdogo wangu. Mume tulishagawana, huyu simgawi."

Nikaapa. Atakuja mwenyewe Jumamosi kuichukua.

Jumatano, 12 Machi

Nimeskani picha ya Bibi. Ikatokea karatasi ya njano yenye doa. Nikadhani mashine imeharibika. Nikarudia: njano, doa. Nikabadilisha rangi, nikabadilisha ukubwa, nikakaribia kulia — ndipo nikagundua nimeilaza uso juu, kama mtu unavyoilaza picha mezani uitazame. Skana inatazama kutoka chini! Nimeskani mgongo wake mara mbili kwa uangalifu mkubwa.

Nikaigeuza. Wakatokea. Wadogo, wana ukungu. Nikachagua nukta nyingi kabisa zilizopo kwenye orodha ili kila kitu kionekane, kompyuta ikaganda, ikabidi niizime kwa kidole. Nikapunguza. Safari hii ikaja — na viatu vikaonekana! Kimoja mguu wa Bibi, kimoja mguu wa mdogo wake. Ni vikubwa mno, vya mtu mzima. Na mdogo mtu anacheka hadi macho yamefumba.

Lakini pembeni hakuonekani vizuri kwa sababu picha imejipinda, haigusi kioo. Tena kuna vumbi, vitone vyeupe usoni. Nikakifuta kioo kwa kitambaa chenye maji na sabuni mpaka kikang'aa. Nikairudisha picha, nikafunga kifuniko, nikaweka juu kamusi mbili na ile atlasi nzito, inyooke vizuri. Nimeiacha hivyo mpaka kesho nikitoka shule.

Nina furaha. Sijazoea, naiandika isije ikasahaulika.

Alhamisi, 13 Machi

Imetoka picha nzuri ajabu. Imenyooka, kila uzi wa nguo unaonekana. Ila kwenye shavu la mdogo wa Bibi kuna miduara inayong'aa, kama mafuta juu ya maji. Nikaskani tena. Miduara ipo palepale. Nikatafuta kwenye programu kitufe cha kuondoa miduara. Nikadhani ni skrini. Nikafuta skrini. Nikafuta na miwani.

Mwisho nikafungua kifuniko nigeuze picha nione kama ina doa.

Picha haikusogea.

Nikaisukuma kwa kidole. Haikusogea. Imeshikana na kioo. Kioo kilikuwa na majimaji, na kamusi zangu zimeikandamiza usiku na mchana!

Kaka akaingia, nikamwonyesha. "Si uvute tu." Kulikuwa na sehemu moja tu iliyoinuka ya kushika, ile kona iliyokunjika. Nikaishika. Nikavuta kidogo. Karatasi ikaja — kona nzima, mkononi mwangu — lakini rangi haikuja. Kipande cha ukuta wa pichani kimebaki kwenye kioo.

Kaka akasema ah. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Kona ya Bibi ipo ndani ya kikebe changu cha kalamu.

Ijumaa, 14 Machi

Siandiki vizuri, kichwa kimejaa.

Kwenye intaneti kila mtu ana lake. Loweka kwenye maji baridi. Usithubutu kuloweka. Weka kwenye friji. Pitisha uzi wa kushonea chini yake. Usipitishe kitu. Mmoja kaandika kwamba alifanikiwa, mwingine chini yake kaandika kwamba alifanya vilevile na picha ikawa uji.

Baada ya shule nimekwenda kwa mpiga picha, yule wa picha za pasipoti karibu na shule. Nimesimama nje mpaka wateja wameisha. Nikasema rafiki yangu ana tatizo. Akasikiliza huku akifuta lenzi.

"Huyo rafiki yako, kioo kilikuwa kimelowa?"

"Ndiyo."

"Uso wa picha za zamani ukilowa ni kama gundi. Mwambie asivute."

"Keshavuta kidogo."

Akanitazama. Akasema kuloweka ni nusu kwa nusu, na yeye asingejaribu kwa kitu cha mtu. Akauliza kama nimeiskani. Nimeiskani. Basi picha unayo, akasema, tena bora kuliko ya mwanzo. Nikamwambia mwenyewe anaitaka ileile, haoni, anaishika tu mkononi.

"Ooh," akasema. "Basi picha huna."

Nilipofika nyumbani Kaka alikuwa na mpango. Tuchapishe ndogo, saizi ileile, karatasi ya picha, tukunje kona. "Bibi haoni, Profesa. Nani atajua?" Nikamwambia huo ni uongo. Akasema si uongo, ni picha ileile, watu walewale, viatu vilevile — uongo uko wapi? Nikampa faili yenye picha.

Kaka akakimbia na faili hadi kwa mpiga picha kabla hajafunga. Akarudi nayo. Imetoka nzuri. Nimeikunja kona, nikaikunjua, nikaisugua kwa dole gumba kama Bibi. Inateleza. Lakini labda mtu asiyejua hatahisi. Lakini Bibi si mtu asiyejua. Lakini ana miaka mingi, vidole navyo huzeeka. Lakini kama vidole vimezeeka, kwa nini ananijua kwa nyayo?

Mama sijamwambia. Amepita mlangoni akauliza zile karatasi zake vipi. Nimesema kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Bibi kaja asubuhi, Shangazi kamshika mkono mpaka mlangoni kisha akaenda zake sokoni. Kakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Kakataa chai. Hajavua hata ushungi, kanyoosha tu kiganja.

"Haya, mke mwenzangu. Mdogo wangu keshaoga?"

Mfuko wa kushoto wa gauni langu ulikuwa na picha mpya. Wa kulia ulikuwa na kona. Kaka kasimama nyuma ya Bibi, ananionyesha kwa macho: kushoto, kushoto! Mama yuko jikoni anaimba. Mimi nimesimama katikati ya chumba kama nguzo.

Nilitaka kuanza na maelezo. Nilikuwa nimeyapanga — kwanza gundi, halafu unyevu, halafu uzito wa kamusi. Hayakutoka. Mkono wenyewe ukaingia mfuko wa kulia.

Nikaweka ile kona kwenye kiganja chake. Akaufunga mkono mara moja, kama kawaida, dole gumba likaanza kusugua. Kisha likasimama. Likatafuta picha iliyobaki. Hakuna. Akafungua mkono, akafunga, akafungua.

"Hii ni kona," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Yeye yuko wapi?"

Nikasema yuko chumbani, ameshikana na kioo, nimemshikisha mimi, na nikimvuta atachanika uso. Nikasema yote kwa pumzi moja. Mama aliacha kuimba. Kaka akatazama dari.

Bibi akaisugua ile kona, si haraka, si taratibu. Sikujua kama amekasirika. Hata sasa sijui. Kisha akasema, "Kamlete."

Nikasema hawezi kutoka bila kioo.

"Nimesema kamlete. Au unamvisha kile kiatu cha pili?"

Sijui kama ulikuwa utani. Sauti haikuwa ya utani.

Nikaenda chumbani. Kaka akanifuata na bisibisi bila kuambiwa. Nikachomoa waya zote mbili. Nikasukuma swichi yenye kufuli, sijui kwa nini, mkono ulikumbuka. Mama akasimama mlangoni, mwiko mkononi, akaona tunafungua skrubu za skana yake. Nikamwambia, "Mama, hii haitafanya kazi tena. Karatasi zako bado." Skrubu moja ilikuwa na kutu, Kaka akaing'ang'ania mpaka ikalegea. Kifuniko kikatoka. Fremu yenye kioo ikanyanyuka yote, na picha imo.

Nikaigeuza. Kwa upande ule wa pili wa kioo walikuwa wamenielekea, wawili, kiatu kimoja kimoja, kama wamewekwa kwenye fremu na fundi. Kwenye kona palibaki kipande kidogo cha ukuta, rangi tu, hakina karatasi nyuma yake.

Picha mpya nikaitoa mfukoni, nikamwachia Kaka.

Nikaibeba fremu kwa mikono miwili. Mama akasogea nipite. Nikampakatisha Bibi, mgongo wa picha juu, ili vidole viguse karatasi na visiguse kioo. Ile kona yake alikuwa bado ameikamata kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akaushusha juu ya picha, akaanza pembeni, polepole, akifuata ukingo. Akapita kona ya kwanza. Ya pili. Nikakaa sakafuni mbele yake, nikashika upande wa chini wa kioo kisimponyoke, nikangoja afike ya nne.