Ahadi Niliyoitoa kwa Kiingereza

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, moto moto. Hujambo? Shemeji hajambo? Na lile goti, bado linakusumbua ukiinuka? Mimi ni mzima, ila nimechoka, mdogo wangu, uchovu ambao hata usingizi hauuondoi.

Barua yako niliipata. Unauliza kwa nini nang'ang'ania boila la mvuke na uzee huu kana kwamba nimefunga nalo ndoa. Sasa nikueleze.

Hapa tunapofua mashuka ya hospitali na mahoteli alikuja meneja mpya, binti mdogo lakini mkali kama pilipili. Akatukusanya kwenye chumba cha kupigia pasi, akasema kila mtu asimame ataje kwa Kiingereza komitimenti yake binafsi. Nikamwuliza karani maana yake. Akasema ni jambo ambalo mtu anajifunga nalo mwenyewe, bila kushikwa shati na mtu. Nikamwambia basi hilo tunalijua tangu zamani, ila hatukujua kuwa siku hizi limevaa suti.

Dereva akasimama, akajifunga kuwahi kazini. Kesho yake kaja saa nne. Karani naye alijifunga kutusaidia sote. Jumamosi nikamwomba tuhamishe kabati langu, akasema samahani mzee, ana komitimenti. Nikamkuta barazani anacheza drafti! Nilipomkabili alicheka, akasema mzee, yale ni maneno ya mkutano tu, Kiingereza ndivyo kinavyosemwa, kama habari za asubuhi.

Mimi sikulelewa hivyo. Unanijua. Zamu yangu ilipofika siku ile ya mkutano nilisimama, na Kiingereza changu, ingawa cha kuokoteza, kilisikika hadi uani. Nilisema hakuna mtu atakayeungua kwa boila hili maadamu mimi ndiye ninayeliwasha. Wakapiga makofi. Meneja akanipiga picha, akaibandika ukutani. Fundi wa boila kama mimi hayupo, hata wanaonichukia wanakiri. Nalijua kwa mlio, kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.

Jumanne iliyopita mama mpiga pasi akaja mbio, akasema mzee, mvuke unapiga mluzi, hebu tazama geji. Nikatazama, nikamwambia mshale umekaa sawa, arudi kwenye pasi zake, mimi nilikuwa nawasha maboila yeye akiwa bado kwenye nepi. Akanibishia. Akasema mshale uko kwenye nyekundu, au mzee huoni? Kwa hasira nikasogeza uso hadi pua ikagusa kioo.

Ulikuwa kwenye nyekundu.

Nikafungua valvu, mvuke ukatoka, hakuna aliyeumia. 

Basi nikwambie nisichomwambia mtu yeyote wa nyumbani: macho yameniacha. Ulianza ukungu mwaka jana, nikasema ni mvuke. Hata herufi hizi kubwa kama mbuzi sababu ni hiyo. Nilikwenda kwa meneja mwenyewe, nikamwambia. Akasema nisijali, nikae tu pale kwenye kiti, vijana watatazama geji, maana mimi ndiye mfano wa kampuni. Yaani niwe picha ya pili. Mwingine angekubali. Mimi nilirudi, nikalizima boila kwa mkono wangu huu, nikamkabidhi funguo. Akasema kwa kuondoka navunja komitimenti yangu. Nilikuwa na la kumjibu, tena zuri, ila sikuwa na nguvu ya kubishana. Mimi, mdogo wangu! Ndipo ujue nimechoka.

Nakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi. Nisalimie shemeji, watoto, na majirani wote, wanaonikumbuka na walionisahau.

Ukija stendi, usinipungie mkono. Niite kwa sauti, nitakuja.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Boila